Mhitimu wa Kumi na Mbili

Kalamu nyekundu ya Profesa Théodore ilikuwa ikikata majina, na laiti macho ya Maman Eulalie yangekuwa na meno, kalamu hiyo ingekuwa imekwisha kutafunwa. Profesa hakuwa akisoma. Alikuwa akikata tu, kama mtu anayechambua maharage ili atupe mawe, isipokuwa yeye mawe ndiyo aliyoyabakiza.

Ilikuwa mwaka 2001, mji wa Bukavu ukiwa mikononi mwa waasi, na chuo kikuu cha serikali kikijiandaa kutimiza miaka ishirini na mitano. Serikali yenyewe ilikuwa Kinshasa, ng'ambo ya vita, na chuo chake kilikuwa huku, lakini sherehe ni sherehe. Siku hii ilikuwa Jumatatu; Jumamosi wangesomwa kwanza wahitimu kumi na wawili mashuhuri waliokiletea chuo heshima, kisha wangetangazwa wahitimu wapya wa mwaka huo. Eulalie, karani wa masijala kwa miaka kumi na tisa, ndiye aliyeagizwa na profesa, mkuu wa chuo, awatafute hao mashuhuri. Aliwatafuta kwa miguu yake, majuma matatu, hata soli ya kiatu ikaachana na kiatu.

Na aliwapata! Alimpata mwanajiolojia aliyekuwa akichimba dhahabu Kamituga kwa nyundo na patasi kama wachimbaji wengine, ila yeye alijua kusoma mwamba, na siku shimo lilipotaka kuanguka aliwatoa watu thelathini kabla udongo haujawafunika. Alimpata mwanamke wa sheria aliyeuza makaa katika soko la Kadutu, na juu ya gunia la makaa aliwaandikia bure barua wake za watu waliofungwa bila kesi. Alimpata mwalimu wa historia aliyefundisha katika shule isiyo na paa, mvua ikinyesha anafundisha, ikikatika anafundisha. Aliandika majina yao kwa mwandiko wake mzuri, akiwa na furaha ambayo hakuwa ameionja tangu vita vianze.

"Maman Eulalie," profesa alisema bila kuinua kichwa, "muuza-makala ya kupikia iko muhitimu mashuhuri? Wageni watatucheka."

"Anasaidia watu, Monsieur le Professeur."

"Hata punda inasaidia watu."

Akakata. Mahali pa muuza makaa aliandika waziri mmoja wa serikali ya waasi. Mahali pa mwalimu aliandika mtu wa Brussels ambaye hakurudi hata kumzika baba yake. Mahali pa mwanajiolojia akaandika mchungaji mwenye kanisa la ghorofa tatu. Hasira hasara, husema watu waliokwisha kushiba. Eulalie aliimeza yake, kwa sababu alikuwa na mtoto.

Mtoto mwenyewe alikuwa Gisèle, binti yake wa pekee, mwanafunzi wa sheria. Masomo ya miaka mitano yalimchukua minane, maana kila vita vilipoingia chuo kilifungwa, na kila kilipofunguliwa nusu ya walimu walikuwa wamekwisha kukimbia. Jumamosi hiyo ndiyo angetangazwa. Na katika chuo kile, asiyetangazwa mbele ya watu hakuwa amehitimu, hata kama amefaulu kwa alama za malaika. Ndiyo sheria yao. Diploma zilisainiwa Kinshasa, na Kinshasa hakukufikika. Kwa hiyo ushahidi wote wa kusoma ulikuwa sauti ya karani ukumbini na jina katika daftari kubwa la masijala.

Profesa alifika kwenye nafasi ya mwisho, ya kumi na mbili, akaandika polepole: Commandant Modeste.

Eulalie alidhani ameona vibaya. Modeste huyu alimjua. Alisoma mwaka mmoja na nusu, akafukuzwa kwa kumpiga mwalimu kofi, na sasa alikuwa mkubwa wa askari aliyelinda, au aliyekula, njia ya dhahabu ya Kamituga. Mji mzima ulimwogopa.

"Huyu hakumaliza," alisema. "Hana hata mémoire."

Mémoire ndiyo tasnifu ambayo kila mwanafunzi aliiandika na kuitetea kabla ya kutangazwa. Na wakati wa kutangaza, desturi ya chuo kile ilikuwa ya peke yake: karani alisoma kwanza kichwa cha tasnifu, kisha mwalimu aliyeisimamia, na mwisho kabisa jina la mwenyewe. Mkuu wa kwanza wa chuo ndiye aliyeiweka hivyo ili watu waheshimu kazi kabla ya kumheshimu mtu. Kwa hiyo huwezi kumsoma mtu asiye na tasnifu, labda usome hewa.

"Mémoire iko," profesa alisema. Akafungua droo, akatoa kitabu chembamba chenye jalada la bluu, kimeliwa pembe na panya. "Hii haina mwenyewe. Mwenye kuiandika hakutangazwa. Na directeur wa kuisimamia nilikuwa mimi, kwa hiyo signature haina matatizo."

Eulalie hakuhitaji kukifungua. Yeye ndiye aliyekipiga chapa, ukurasa kwa ukurasa. Kilikuwa cha Placide Kashindi.

Placide alikuwa kijana wa Sange, kule chini katika bonde la Ruzizi, mwembamba, mpole, mwenye kucheka na kila mtu. Aliandika juu ya shida ya maji ya kunywa kwao Sange, akaitetea kazi yake mwezi wa kumi mwaka 1996, akapata distinction, alama ya juu. Kutangazwa kukapangwa juma lililofuata. Akasema hawezi kutangazwa mama yake asipokuwepo. Akapanda gari kwenda Sange kumleta. Vita vilikuwa vimekwisha kuingia bondeni. Gari halikufika. Mama alifika Bukavu baadaye kwa miguu, peke yake, na huko Kadutu akaanza kuuza ndizi.

Jina lake Maman Constance. Na kila mwaka tangu hapo, siku ya kutangaza, alikuja. Alivaa kikwembe chake kizuri, kitenge cha sikukuu, akaketi nyuma kabisa ukumbini, akasikiliza majina yote hadi la mwisho, kisha akaja masijala kuuliza kwa upole mbona la mwanawe halikusomwa. Na kila mwaka Profesa Théodore alimjibu jibu moja: chuo hakitangazi maiti, ila aje mwaka kesho, pengine sheria itabadilika. Mara nne alimjibu hivyo. Alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mama wa watu, na akijua anachofanya.

"Professeur," Eulalie alisema, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa udogo wake, "uyu mutoto alikuwa mwanafunzi yako. Alikuwa anakubebea sakoshi ya vitabu."

"Na amekufa. Sisi tuko hai, tunatafuta kuishi." Profesa aliegemea kiti. "Commandant ameahidi hakuna askari atagusa chuo tena. Unakumbuka vile walilala mu bibliothèque, wakapikia vitabu? Jina moja tu, maman. Jina moja, na chuo inapona."

"Mimi sisomi hiyo."

Profesa alitabasamu. Akavuta faili jingine kutoka upande wa kushoto wa meza, akaliweka juu ya lile la bluu, taratibu, kama mtu anayefunika chungu.

"Dossier ya Gisèle. Mutoto mwenye akili sana. Inabakia signature moja tu, yangu. Nitaitia Jumamosi, nikishasikia vile mama yake anasoma."

Eulalie alitoka ofisini. Alikasirika hata akasahau mwavuli wake, akakasirikia mvua, akakasirikia mwavuli. Lakini kilichomuuma kuliko vyote ni kwamba, kabla hajafika getini, alikuwa amekwisha kukubali. Mwenye nguvu mpishe. Miaka minane ya binti yake, kwa jina moja la mtu aliyekufa! Mama gani angesita? Alijiuliza hivyo mara mia, na mara mia hakupenda jibu.

Ijumaa alipanda Kadutu kumtafuta Maman Constance. Alikuwa na shabaha moja: asije kesho. Asikie kila kitu kingine duniani, ila si jina la Modeste juu ya kazi ya mwanawe.

Alimkuta kwenye meza yake ya ndizi, na juu ya kamba nyuma ya meza kikwembe kimefuliwa, kinangoja jua.

"Karibu, maman Eulalie! Naona umekuja kuniita."

"Hapana, maman. Nimekuja kukuambia upumzike. Kesho ni fête ya wakubwa. Itakuwa ya invitation. Hakuna kitu kwa ajili yako mwaka huu."

Ule ulikuwa uongo mtupu. Sherehe ilikuwa wazi kwa wote.

"Hata kama hakuna yangu, nitakuja kusikia ya Gisèle," mama alisema. "Mutoto wako, mutoto wangu. Nitapiga vigelegele kwa ajili yake."

Kisha, kwa sababu hakuna mtu mwingine pale sokoni aliyewahi kumsikiliza, akaanza kusema kichwa cha tasnifu ya mwanawe, kwa Kifaransa, lugha asiyoijua. Placide alikuwa amemfundisha akiwa likizo, wakiosha vyombo, ili siku ya kutangazwa atambue zamu ya mwanawe imefika kabla jina halijatajwa. "Problématique de l'eau potable dans la cité de Sange," alisema Maman Constance, neno kwa neno, kama mtu anayesema salamu Maria. Akacheka. "Mimi ninajua tu Sange mule ndani. Mengine ni ya masomo."

Eulalie alinunua ndizi asizozihitaji, akashuka mlima akiziruka ngazi. Njiani alikuwa akimtukana Théodore kwa Kimashi, kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, na lugha zilipokwisha akajitukana mwenyewe.

Jumamosi ukumbi ulijaa hata madirishani. Mbele waliketi wakubwa katika viti vyenye vitambaa, Commandant Modeste katikati yao, sare mpya, miwani myeusi, walinzi wawili nyuma yake na bunduki zao. Wahitimu wapya walikuwa upande wa kulia wamevaa majoho ya kukodi, Gisèle mstari wa pili, akicheka na wenzake, mikono haitulii. Na ukumbini kote akina mama walikuwa na makopo ya poda mapajani, maana katika nchi hii mtu akitangazwa hunyunyiziwa poda nyeupe kichwani mpaka afanane na mwokaji mikate.

Asubuhi ile Profesa Théodore alikuwa amempungia Eulalie faili kutoka mbali. Bado halijasainiwa. Angesaini akishasikia, alisema.

Eulalie alianza. Alimsoma waziri, wakapiga makofi. Alimsoma wa Brussels, ambaye aliwakilishwa na binamu. Alimsoma mchungaji wa ghorofa tatu. Kila kilemba cha ukoka alikifunga kwa sauti safi, ya karani, isiyo na chumvi wala sukari. Kumi, kumi na moja. Akageuza karatasi. Alikuwa amekwisha kuamua. Angesoma haraka, angesoma vibaya, angemeza yale maneno, kisha angemsoma binti yake na kwenda nyumbani na kulala siku tatu.

"Mhitimu wa kumi na mbili," alisema. "Problématique de l'eau potable dans la cité de Sange."

Kutoka nyuma kabisa ya ukumbi ilipanda sauti. Haikuwa kilio. Ilikuwa vigelegele, virefu, vya mtu mmoja, vya pumzi iliyowekwa akiba miaka mitano.

Watu waligeuka. Maman Constance alikuwa amesimama juu ya benchi. Alishuka, akapita kati ya watu, na watu, ambao hawakujua lolote ila kwamba mama amefurahi, walimpisha, wakaanza kumsaidia vigelegele. Alikuwa akilia na kucheka. "Ni wangu!" alikuwa akisema kwa kila aliyempita. "Ni wangu, wamemusoma! Aksanti, ni wangu!"

Commandant Modeste alikuwa ameinuka nusu ili apokee heshima yake. Alibaki hivyo hivyo, si wa kusimama, si wa kuketi.

Maman Constance alifika mbele. Kopo la poda alilokuja nalo kwa ajili ya Gisèle alilifungua, akatazama huku na huku akitafuta kichwa cha kumwagia. Hapakuwa na kichwa. Basi akajimwagia mwenyewe, lote, usoni, mabegani, juu ya kikwembe chake kizuri. Kisha akamtazama Eulalie kwa macho mawili meusi katika weupe ule.

"Usome jina, maman," alisema. "Nimefika. Usome sasa."

Eulalie alitazama karatasi, ilikuwa imeandikwa Modeste. Akamtazama Profesa Théodore, aliyekuwa ameshika faili la Gisèle kwa mikono miwili na kutikisa kichwa, taratibu, hapana, hapana. Akamtazama Gisèle. Gisèle hakuwa akimwona mama yake. Alikuwa akimtazama yule mama wa poda, na machozi yanamtoka.

Tangu Jumatatu Eulalie alikuwa ameimeza hasira yake kama dawa chungu. Sasa ilipanda, na wala hakuizuia. Ilipanda na miaka kumi na tisa ya ndiyo profesa, sawa profesa.

"Directeur," alisema katika kipaza sauti, na safari hii hakumeza neno, "Profesa Théodore, ambaye yuko hapa, na ambaye anamjua mwandishi vizuri kunishinda mimi. Kazi hii iliandikwa na Placide Kashindi, wa Sange. Aliitetea mwaka 1996. Mention: distinction. Hakuna mtu mwingine aliyeiandika."

Makofi yalianzia kwa wahitimu wapya. Mmoja, wawili, kisha mstari wote, kisha ukumbi, hata vioo vikalia. Kuna wazee waliosimama. Profesa Théodore aliruka kutoka kitini akauvuta waya wa kipaza sauti, ukakatika, lakini ulikuwa umechelewa. Commandant aliketi. Akavua miwani, akaifuta, akamwambia profesa maneno machache sikioni, akaondoka na walinzi wake bila kumtazama mtu. Watu wakampisha yeye pia, lakini kwa namna nyingine.

Profesa akapanda mimbari, jasho likimchuruzika, akapaza sauti bila kipaza. Sherehe imefungwa, alisema. Kutangazwa kwa wahitimu wapya kumeahirishwa, kwa wote, mpaka tarehe itakayojulishwa. Na karani wa masijala arudishe ufunguo pale pale. Eulalie aliutoa katika mkoba akautupa mezani. Profesa akaufunika kwa kiganja, kisha mbele ya macho yake akalikunja faili la Gisèle mara mbili na kulitia mfukoni mwa koti.

Mama na binti walirudi kwa miguu. Maman Constance walimwacha mlangoni mwa ukumbi, amezungukwa na wanafunzi wanaomshika mikono, poda inawapaka wote. Gisèle alikuwa amevua joho lake, amelibeba mkononi. Walipita mzunguko wa barabara, wakaanza mlima.

"Ulijua atakataa kutia signature kwa dossier yangu," Gisèle alisema mwishowe.

"Nilijua."

"Alikuambia lini?"

"Jumatatu."

"Na hukuniambia."

"Sikukuambia, kwa sababu nilikuwa nimekubali. Nilikuwa nimekubali kumsoma ule mwizi, Gisèle, kwa ajili yako. Kisha sikuweza."

Gisèle alitembea hatua kadhaa. Kisha akamgeuzia mama yake viganja.

"Mimi nilipiga makofi, maman. Mimi njo nilianza. Nilipiga mpaka mikono inaniuma, angalia. Nilikuwa najivunia wewe mbele ya wote. Kisha nikaona vile anakunja dossier, nikajua nilikuwa napigia makofi nini." Alipangusa uso kwa joho la watu. "Miaka munane. Wenzangu watatangazwa siku ingine, watasamehewa. Mimi hapana. Maman Constance alikuwa na wewe wa kumusomea mutoto wake. Sasa uniambie. Mimi, nani atanisoma?"

Eulalie alisimama katikati ya njia. Pikipiki ikapiga honi, dereva akamtukana na kupita. Angeweza kusema Mungu yupo. Angeweza kusema vita vitaisha, wakubwa wataondoka, watakuja wengine. Lakini juma lile alikuwa amekwisha kumdanganya mama mmoja sokoni, na hasira iliyokuwa ingali inamchemka kifuani haikumpa nafasi ya uongo wa pili.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Mimi sijui."

Gisèle alimwekea joho mikononi, akatangulia kupanda peke yake.